Unyevu kwa Mgonjwa, Kinga kwa Muuguzi

Jambo la leo madaktari hulizungumza sana wao kwa wao, lakini ni mara chache kulisikia mbele ya wananchi wanaoziendesha hospitali kwa kodi zao. Nataka tuzungumzie unyevu wa hewa anayopumua mgonjwa aliyewekwa kwenye mashine ya kupumulia, na usalama wa muuguzi anayesimama kando ya kitanda chake. Wengi hudhani mambo haya mawili yanavutana: ukimpa mgonjwa mvuke unamhatarisha muuguzi, ukimlinda muuguzi mgonjwa anakauka mapafu. Mimi nasema ni jambo moja, na naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanihukumu.

Mkoa wetu wa Kigoma una sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Mtabila ilikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Burundi kwa miaka mingi, hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na leo hapo pana kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita Kongo, na mwaka 2015, Burundi ilipochafuka tena, ikapokea umati mwingine, mpaka Nduta ya Kibondo nayo ikafunguliwa upya. Maelfu ya watu wakilala karibu karibu, surua, nimonia na kifua kikuu hupata njia. Wauguzi waliopita katika kambi hizo hawahitaji kuhadithiwa maana ya kukoholewa usoni.

Kisha ikaja UVIKO-19. Februari 2021 mwana wa Buhigwe, Dkt. Philip Mpango, wakati huo akiwa Waziri wa Fedha, alizungumza na waandishi wa habari katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, huku akikohoa na kutafuta pumzi, na katika maelezo yake akautaja mtungi wa oksijeni. Mwezi uliofuata akawa Makamu wa Rais. Nadhani siku ile watu wengi wa mkoa huu walitambua kwamba oksijeni ni dawa, na kwamba mtu yeyote anaweza kuihitaji, mwenye cheo na asiye na cheo. Baadaye mwaka huohuo serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikaenda kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi, majengo ya dharura na oksijeni. Vifaa vimeongezeka, na ni jambo la kushukuru. Ila mashine ikishafika, ndipo maswali yanapoanza.

Tuanze na pua. Hewa ya kiangazi chetu, ya Julai au Agosti, inaingia puani ikiwa kavu, ina vumbi jekundu la barabarani, na alfajiri ni baridi kwelikweli huku milimani. Pua inaichuja, inaipasha joto na kuilowanisha. Ikifika ndani kabisa ya kifua, hewa hiyo ina joto la mwili, nyuzi 37, na kila lita moja imebeba miligramu 44 za maji. Mapafu yanataka kiwango hicho hicho mchana na usiku, uwe Kasulu au Unguja. Mtu mzima aliyetulia huvuta lita elfu kumi hivi za hewa kwa siku. Piga hesabu: kama hewa yote hiyo ingekuwa kavu kabisa, mwili ungetoa karibu nusu lita ya maji kila siku kwa ajili ya kuilowanisha tu. Pua hupunguza hasara hiyo, kwa sababu tunapotoa pumzi hubakiza sehemu ya joto na maji, ikavitumia kwa pumzi inayofuata.

Daktari akipitisha mpira mdomoni mwa mgonjwa hadi kwenye koo la hewa, au akitoboa shingoni na kuuweka hapo, pua inarukwa. Na hewa inayoletwa na mpira huo, ikiwa inatoka kwenye mtungi au kwenye bomba la ukutani, ni kavu. Hukaushwa makusudi kiwandani ili valvu zisipate kutu. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kusema, asiyeweza hata kuashiria kwamba koo limekauka, anasukumiwa hewa kavu mara kumi na tano au ishirini kwa dakika, saa ishirini na nne.

Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopunga muda wote, vikipandisha ute na uchafu kuelekea kooni ili tuuteme au tuumeze. Vinyweleo hivi hufanya kazi palipo na majimaji. Hewa kavu ikipita kwa saa kadhaa, ute huwa mzito, vinyweleo husimama, na makohozi hushika kwenye kuta za mpira kama uji uliosahauliwa sufuriani. Mpira huanza kuwa mwembamba kwa ndani. Mashine inalia. Sehemu ya pafu inajifunga. Siku nyingine mpira unaziba kabisa, na hapo zimebaki dakika chache tu kati ya uhai na kifo.

Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2012 wa chama cha wataalamu wa tiba ya upumuaji cha Marekani ulisema wazi kwamba kila mgonjwa mwenye mpira kooni aliye kwenye mashine lazima apewe hewa yenye unyevu. Neno ni kila. Haukusema mwenye bahati, wala aliye katika hospitali kubwa.

Njia za kumpa unyevu huo ni mbili. Ya kwanza ni chombo cha maji chenye hita: hewa inapita juu ya maji ya moto, inabeba mvuke, inaingia kifuani ikiwa na joto. Chombo hiki hutoa unyevu wa kutosha hata kwa mgonjwa mwenye makohozi mazito. Lakini kinataka umeme usiokatika, na kinataka maji yaliyotakaswa hospitalini, yasiyo na vijidudu. Sisi wa Kigoma tuliishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, hadi mkoa ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, kwa hiyo neno umeme usiokatika tunalijua uzito wake. Tena mvuke ukipoa ndani ya mabomba hugeuka maji, yakatuama kwenye mikunjo. Maji hayo yamekutana na pumzi ya mgonjwa. Yakimrudia kifuani yanaweza kumletea nimonia, na yakimwagika sakafuni au kumrukia muuguzi ni uchafu wenye vijidudu.

Njia ya pili ni kidude kidogo kinachotosha kiganjani, ambacho wengine hukiita pua bandia. Huwekwa kati ya mpira wa mgonjwa na mabomba ya mashine. Mgonjwa akitoa pumzi, kidude kinanasa joto na maji. Akivuta, kinamrudishia. Hakihitaji umeme wala maji. Na kikitengenezwa pamoja na chujio la vijidudu, kinazuia sehemu kubwa sana ya bakteria na virusi visitoke kwenye mapafu ya mgonjwa kwenda kwenye mashine na kwenye hewa ya chumba. Kwa hospitali zetu za wilaya na kwa gari la wagonjwa, mimi sioni kifaa kinachofaa zaidi kuanzia hapo. Kina mipaka yake: makohozi yakiwa mengi, mazito au yenye damu, kidude kinaloa na kuziba, na mgonjwa anapata shida kuvuta hewa. Na kisichanganywe kamwe na chombo chenye hita, maana mvuke utakijaza maji kama sifongo na kumkaba mgonjwa.

Mwaka 2020, wimbi la kwanza la UVIKO-19 lilipoipiga Uingereza, hospitali nyingi ziliamua kutumia pua bandia yenye chujio badala ya maji ya moto. Sababu ilikuwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa ya haki: hawakutaka mvuke na maji yenye virusi yazagae chumbani, na hawakutaka kuyafungua mabomba mara kwa mara. Lakini wagonjwa wale walikaa kwenye mashine kwa majuma, na makohozi yao yalikuwa mazito. Madaktari wakaanza kuripoti mipira kuziba. Na mpira ukiziba, muuguzi hana muda wa kuchagua. Anafungua mabomba, ananyonya makohozi, anaita msaada, na mara nyingine mpira wote unatolewa na mwingine kuingizwa, uso kwa uso na mdomo wa mgonjwa. Hofu ya maambukizi ilizaa ukavu, na ukavu ukazaa tukio lenye hatari ya maambukizi kuliko yote. Hospitali kadhaa zikarudi kwenye maji ya moto kwa wagonjwa wa muda mrefu, huku chujio likiwekwa pale pumzi inapotokea kwenye mashine.

Hatari hiyo ilishapimwa kabla ya hapo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012, tafiti zake zote zikihusu ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003, yalionyesha kwamba watumishi walioshiriki kuingiza mpira kooni kwa mgonjwa walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa zaidi ya mara 6 ukilinganisha na wenzao wasioshiriki. Sasa jiulize: kuna kinga gani bora kwa muuguzi kuliko mpira usioziba, usiohitaji kutolewa na kurudishwa usiku wa manane? Hewa yenye unyevu ni sehemu ya kinga ya mtumishi kama ilivyo barakoa. Hilo ndilo ninalotaka ulishike leo.

Afrika Mashariki tumelipia somo la dharura kwa damu. Mwaka 2000 Ebola ilizuka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Waliougua walikuwa 425, na 224 walifariki. Katika Hospitali ya St. Mary's Lacor, Dkt. Matthew Lukwiya ndiye aliyetambua mapema kwamba ugonjwa ule si wa kawaida, akapanga wodi, akawafundisha wauguzi kuvaa vifaa vya kinga, akazuia watu wasikimbie. Kisha alfajiri moja akaitwa: mgonjwa, naye akiwa muuguzi wa hospitali hiyohiyo, alikuwa akitokwa na damu na kuhangaika nje ya kitanda chake. Lukwiya alivaa joho, barakoa na glavu, ila macho hayakuwa na kinga. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Kama mtu aliyeandika taratibu zote zile aliweza kunaswa na dakika moja ya haraka, basi tusimlaumu muuguzi kijana wa zamu ya usiku. Tumpunguzie dakika za haraka, na tumwekee miwani ya kinga pale pale mlangoni, asiikimbilie stoo.

Tena hatuhitaji kwenda mbali kwa miaka wala kwa maili. Oktoba 2022 daktari Mtanzania, Mohammed Ali, aliyekuwa akisomea upasuaji Uganda, alifariki kwa Ebola Fort Portal. Machi 2023 Marburg ilitangazwa Bukoba, na Januari 2025 Biharamulo, ambako ukitoka Kakonko si safari ndefu. Ebola na Marburg hupita kwa majimaji ya mwili na si kwa hewa kama surua, lakini kunyonya makohozi na kuingiza mpira ndiko kunakorusha majimaji hayo usoni. Na kifua kikuu, kinachosafiri kwa hewa, hakisubiri mlipuko kutangazwa. Kipo wodini mwaka mzima.

Sasa nizungumze na ninyi mnaovaa sare nyeupe, dada zangu na kaka zangu. Mnayajua haya, lakini zamu ikiwa na watu wawili na wagonjwa wengi, yanayojulikana husahaulika. Mabomba ya mashine yasifunguliwe bila sababu. Yakilazimika kufunguliwa, mashine isimamishwe kwanza, mpira ubanwe, na mwachanishe upande wa mashine ili chujio libaki kwa mgonjwa. Chujio libadilishwe kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, au likilowa na kuchafuka, si kwa sababu tu zamu imebadilika. Maji ya mabombani yamwagwe kwenye chombo chenye kifuniko, kuelekea mbali na mgonjwa. Mnaponyonya makohozi, kama kuna mrija wa ndani kwa ndani usiohitaji kufungua kitu, tumieni huo. Barakoa ya N95 ishike uso vizuri, na madirisha yafunguliwe, maana upepo wa milima yetu ni wa bure na hauhitaji kuagizwa.

Na kabla mtu hajasema kwamba mashine ziko Hospitali ya Maweni, Kigoma, au ya Bugando, Mwanza, tu, nikumbushe kwamba safari ya mgonjwa huyo huanzia hapa. Mgonjwa mahututi wa Kasulu anayepelekwa Kigoma, au mbali zaidi hadi Mwanza, anaweza kuwa anapumulishwa kwa mkono na muuguzi aliyekaa ndani ya gari, akibana ile ambubegi, mfuko wa kusukumia hewa, kilomita baada ya kilomita. Kubana kwa mkono si jambo la kulidharau. Mwaka 1952, polio ilipolipuka Copenhagen, daktari Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa watobolewe shingoni, na wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana kuwapumulisha kwa mkono usiku na mchana. Vyumba vya wagonjwa mahututi vya leo vimezaliwa katika kazi ile. Lakini muuguzi wa kwenye gari yuko katika nafasi finyu, kila pumzi ya mgonjwa inatoka usoni kwake, na mtungi unatoa hewa kavu. Pua bandia yenye chujio, ikiwekwa kwenye ambubegi, inawahudumia wote wawili kwa pamoja.

Wodini pia kuna chupa ndogo ya maji yenye mapovu, ambayo oksijeni hupitia kabla ya kufika puani. Ndugu wengi wakiiona imekauka hulalamika kwamba mgonjwa wao ametelekezwa. Naomba tuelewane. Mgonjwa anayepata oksijeni kidogo kwa mirija ya puani, lita tatu au nne kwa dakika kwa mtu mzima, bado pua yake inafanya kazi, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kwa kiwango hicho kidogo unyevu wa ziada hauhitajiki. Hatari kubwa zaidi ni chupa iliyojazwa maji ya bomba juzi na kuongezwa leo juu ya yale ya juzi, kwa sababu bakteria hustawi humo. Ikiwa chupa inatumika, ioshwe, maji yawe safi na yabadilishwe kila siku. Vinginevyo iachwe tupu au iondolewe. Usimgombeze muuguzi kwa hilo.

Najua swali lingine lipo njiani: je, kujifukiza? Mwaka 2020 na 2021 karibu kila nyumba ilikuwa na sufuria la majani na blanketi. Mvuke hulainisha kamasi na mtu akajisikia nafuu kwa muda, sipingi. Lakini hauui kirusi, na haumfikii mgonjwa mwenye mpira kooni. Familia nzima ikijifunika blanketi moja na mwenye kikohozi, inavuta pumzi yake kwa zamu. Watoto nao huungua kwa maji yale. Mtu anayehema kwa shida apelekwe hospitali mapema, kabla midomo haijabadilika rangi.

Nimalizie na fedha, kwa sababu mambo mengi mema hukwama hapo. Mashine ya kupumulia hupokelewa kwa picha na hotuba. Machujio, mirija ya kunyonyea, maji yaliyotakaswa na barakoa za N95 havina sherehe, na ndivyo vinavyoisha ndani ya miezi michache. Mashine isiyo na vitu hivyo haifai kuwekewa mgonjwa, kwa sababu itamkausha yeye na kumhatarisha anayemhudumia. Kwa hiyo mfadhili akija na mashine, kamati za hospitali zimuulize vifaa vyake vya matumizi ni vya muda gani, na baada ya hapo vitanunuliwa na nani.

Madiwani wa Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe, wajumbe wa bodi za afya za halmashauri, nawaomba: mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, na bajeti zake hupikwa miezi mingi kabla. Mtakapoletewa makabrasha ya idara ya afya, tafuteni mstari wa machujio ya mashine za kupumulia na mstari wa vifaa vya kinga kwa watumishi. Kama haupo, usipitishwe ukurasa huo mpaka uandikwe.